Bakuli la Mukomari wa Kukhu

Kukhu alikubali kuhama kwa sharti moja: achongewe bakuli kutoka kwa mti wa mukomari uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Kukhu ni nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Anasema Kiluhya kitupu, kwa hivyo maneno yake hapa nimeyageuza mimi, na nikiyasoma tena naona yamepoa kidogo, kama chakula kilichobebwa mbali.

Ulikuwa ule mwaka bendera ilipobadilishwa. Wazungu walikuwa wanaacha mashamba yao upande wa Lugari, serikali inayakata na kuwagawia watu, na baba alikuwa amepata kipande karibu na Mautuma. Kwetu, kule karibu na msitu wa Kakamega, shamba lilikuwa limebanana hata mama alipanda kunde mpaka ukutani mwa jikoni. Nilifurahi kupita kiasi. Niliambiwa huko nitakuwa na chumba changu nikirudi kutoka shule ya bweni, na kwa msichana kama mimi, ambaye akiangaliwa na watu hujikwaa, chumba chenye mlango kilikuwa kikubwa kuliko shamba lote.

Kukhu alicheka. Akasema kama tunahamia Ulaya twende salama, tumletee sabuni. Baba alimbembeleza jioni baada ya jioni, akirudia kwamba hawezi kumwacha peke yake, na yeye akirudia kuhusu sabuni. Halafu asubuhi moja, bila kuulizwa, akasema sahani za bati zinampa ladha ya kijiko kilicholambwa na mtu mwingine, na kwamba hawezi kula ugenini mpaka afe.

“Mti ule unikatie bakuli,” akamwambia baba. “Nikila kutoka kwa mti wangu, nitakuwa nakula kwangu.”

Baba aliutazama mti. Sote tulijua kwamba babu ndiye aliyeupanda, mwaka ule Kukhu alipoletwa kama bibi arusi.

Baba ni mchongaji. Viti vya miguu mitatu na mabakuli yake hununuliwa na watu wanaotoka mbali. Aliukata mukomari siku ya mawingu, na ulipolala chini tukaona kumbe moyo wake ulikuwa umeliwa na mchwa, mweusi na laini kama ugoro. Alitembea kando yake akiugonga kwa mgongo wa shoka. Kipande kizima kilikuwa kimoja tu, pale matawi yalipogawanyika. Uliobaki wote ukawa kuni.

Nje bakuli alilichonga kwa tezo, ndani kwa kile kisu chake kilichopinda, akaliacha likiwa nene na zito. Hivyo ndivyo afanyavyo siku zote. Mti mbichi huuchonga nusu, kisha huufukia ndani ya gunia la maranda yake mwenyewe, katika kona ya ghala isiyopata jua, na kuugeuza mara kwa mara ili maji yatoke polepole. Ukikaushwa kwa haraka, alinieleza, nje hujikaza wakati ndani bado pamelowa, na hapo pande mbili zinaanza kuvutana. Wanunuzi wenye haraka huwaambia warudi baada ya mavuno. Wapo waliokasirika wakaenda zao, naye hakuwahi kuwaita.

Bakuli la Kukhu halikuwa limekaa sana guniani wakati mjumbe wa chifu alipopita akisema wenye mashamba ya Lugari waende mara moja, la sivyo yatapewa wengine. Lori likapatikana, tushiriki na familia nyingine. Jioni ile baba alitoka ghalani na bakuli mkononi, akaingia jikoni, akaliweka kwenye uchaga wa mahindi ulio juu ya mafiga, mahali moshi na joto hupanda mchana kutwa.

Mama aliacha kusonga. “Baba watoto, si wewe hukatazanga hivyo?”

“Mukomari ni mti mpole,” baba akasema. “Hauna hasira.”

Mama akaendelea kusonga.

Kulisugua nilipewa mimi. Baba alipunguza unene wake kwa kisu, kisha Kukhu na mimi tukakaa kizingitini kwake na majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng’ombe. Hatukuongea sana. Ndiye mtu pekee ambaye kimya changu hakikumsumbua. Nilipodhani nimemaliza alipitisha kidole gumba ndani na kusema, “Hapa bado,” nami nikaendelea. Mwisho tukalipaka mafuta ya mbarika likawa na rangi ya asali, na mistari ya mti ikaonekana ikizunguka. Kukhu alilishika mapajani. Akaniuliza mlango wa nyumba ya Mautuma utaangalia upande gani, na kama kuna mboga za mwituni. Sikujua. Nikasema ziko nyingi.

Siku ya kuondoka alikuwa wa kwanza kuwa tayari, kitambaa chake kipya kichwani, mzigo wake umefungwa kwa kamba ya mkonge. Lori lilikuwa barabarani na vitu vya familia nyingine vilikwisha kupandishwa. Mama akapika obusuma, ugali wetu, na kuku kwa mara ya mwisho kwenye jiko lile, na baba akataka mama yake ale kwanza katika bakuli jipya. Mama akaupindua ugali ndani yake ukifuka moshi, akaliweka mbele ya Kukhu.

Kukhu alinawa. Kabla mkono wake haujafika, bakuli lilitoa sauti, ta, kama kijiti kilichokanyagwa. Ufa ulianzia mdomoni ukashuka mpaka karibu na kitako. Mvuke ukapenya hapo, mwembamba.

Kukhu alimega ugali, akachovya, akala, akala mpaka akashiba. Kisha akanawa, akauvuta mzigo wake na kuanza kuifungua ile kamba.

Baba alichuchumaa mbele yake. “Mama, ni mti tu. Nitalishona na waya.”

“Lishone,” Kukhu akasema. “Nitakuwa nakula nalo hapa hapa.”

“Ni mimi nililiharakisha. Kosa si la safari.”

“Najua ni wewe. Nilikuona ukiliweka pale juu.” Hakuwa amekasirika. “Nilifikiri labda litavumilia. Nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo juu yangu.”

Dereva alipiga honi, kisha akaja mwenyewe mpaka uani. “Mzee, hii gari si ya mama yako peke yake. Tungojenge mpaka lini?”

Baba alichukua waya na msumari, akatoboa matundu kando ya ufa, akalishona palepale huku honi ikilia. Mikono yake, ambayo sijawahi kuiona ikikosea, ilijichoma mara kwa mara. Tukaondoka, Kukhu amesimama kando ya kisiki.

Chumba changu nilikipata. Kina mlango, na usiku nasikia upepo tu.

Baba alichonga bakuli jingine kutoka kwa mti wa huku Mautuma, na hili alilifukia guniani mpaka nikaanza kudhani amelisahau. Likizo iliyopita alinituma nimpelekee Kukhu. Alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba ndani polepole, akatafuta pa kusema “hapa bado,” hakupapata.

“Ni zuri,” akasema. “Mrudishie. Mwambie langu bado linabeba, ila mchuzi tu ndio unanikimbia.”

Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kisiki cha mukomari kilikuwa kimechipua. Machipukizi mengine alikuwa ameyang’oa na kuacha moja, limezungushiwa miiba mbuzi wasilifikie.

“Hili nalo mwambie,” akasema.

Nilirudi Mautuma na bakuli ndani ya mfuko. Baba alilitoa, akaligeuza, akaliweka kwenye rafu, na mpaka leo hakuna anayekula ndani yake. Nilimweleza habari za chipukizi. Akaniuliza limefika unene gani. Nikasema kama mkono wangu hapa, kwenye kifundo.

Alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia kidole gumba na cha shahada. Vilikutana na kupitana. Hakuniachilia upesi. Nilijua anahesabu mvua mpaka chipukizi litoshe bakuli, kisha anahesabu umri wa mama yake.

“Bado,” akasema.