Koleo la Baba Lililobaki Mkono Mmoja

Saa tatu kasoro robo asubuhi, moto wa Mama Pindo umeshakolea.

Wenzake watatu bado wanahangaika na moshi. Dereva mstaafu, mzee wa miaka sitini na minne, amepiga magoti anapuliza kwa mdomo hadi machozi yanamtoka. Mama Pindo amekaa kwenye kigoda, anazungusha mpini wa kipulizia kwa mkono wa kulia, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Makaa yananguruma kwa sauti ndogo, ya kushiba.

"Mama, nikopeshe moto," dereva anamwambia.

"Moto haukopeshwi, baba. Lete chuma chako kikae hapo ubavuni. Ila ukikisahau, usije kunililia."

"Mimi nimeendesha malori miaka thelathini. Moto naujua."

"Uliujua ukiwa umefunikwa na boneti."

Karakana nzima inacheka, na dereva mwenyewe anacheka kuliko wote.

Hii ni Jumamosi ya sita, na ya mwisho, ya darasa la uhunzi kwa wanaoanza. Wanajifunzia katika karakana ya bati iliyo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Madirisha yamezibwa nusu kwa magunia, kwa sababu mhunzi husoma rangi ya chuma, na rangi hiyo hupotea penye mwanga mkali. Kila mwanafunzi ana jiko lake, nyundo yake, na kipande cha reli kilichopigiliwa juu ya gogo kuwa fuawe, yaani pale chuma kinapofuliwa.

Kwenye meza ya Mama Pindo kuna kitu kimefungwa kwa kitambaa cha sare ya shule. Anakifungua polepole. Ni mkono mmoja wa koleo, mrefu kama mkono wa mtu kutoka kiwikoni hadi vidoleni, mweusi, umelainika pale uliposhikwa miaka na miaka. Mdomo wake umepinda.

Mkono wa pili, mpya, ameufua yeye mwenyewe wiki iliyopita. Leo anataka kuiunganisha. Lakini mdomo wa ule wa zamani lazima unyooshwe kwanza, na ukinyooshwa baridi utavunjika. Lazima uingie motoni.

"Nikikiunguza hiki, hakuna kingine," anasema. "Ndicho alichoniachia baba."

Mama Pindo ana miaka hamsini na saba. Jina hilo amepewa na wateja, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita ameshona kwenye kibaraza kimoja, na kazi inayomlisha zaidi ni kupinda suruali na sketi za wanafunzi. Januari hupinda hadi nguo hamsini kwa siku. Miezi mingine akipata kumi, anamshukuru Mungu na kufunga cherehani yake. Ada ya darasa hili ilimla mapindo ya mwezi mzima.

Binti yake alipopigiwa simu kuambiwa, aliuliza, "Mama, wenzio wakizeeka wanajifunza kufuma vitambaa. Wewe unataka kujipiga nyundo?"

"Nilimwambia vitambaa nimeshavichoka," anasema.

Lakini nyumbani kwao, kabla hajawa Mama Pindo, aliitwa Pumzi.

Baba yake alikuwa mhunzi. Alifua majembe, visu, bawaba za milango na pete za kufungia ng'ombe. Pumzi alianza kumvukutia akiwa na miaka tisa, kila atokapo shule. Mivukuto ilikuwa miwili, ya ngozi ya mbuzi, naye alikaa katikati yake, akiinua huu na kushusha huu. Kati yake na moto palikuwa na ukuta mfupi wa udongo, baba aliujenga ili joto lisimchome mtoto usoni.

"Kwa hiyo moto wenyewe sikuwa nauona," anasimulia. "Naona ukuta. Naona magoti ya baba. Basi."

Baba hakuwa msemaji. Alisema kwa nyundo. Akigonga fuawe mara moja, maana yake ongeza upepo. Akigonga mara mbili, acha, chuma kimeiva, kinatoka.

"Mchana kutwa hatuongei, na mchana kutwa tunaongea," anasema, na kidole chake kinagonga meza bila yeye kujua. "Akiwa amefurahi, mlio wa nyundo unakuwa mwepesi. Akiwa ameudhika, ile mara moja inakuwa kali. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga msumari mahali, mkono huu unashtuka wenyewe."

Nyundo hakupewa. Kaka yake, aliyemzidi miaka minne, ndiye aliyefundishwa kufua. Wateja walipouliza na huyu binti je, baba alijibu kwa methali: "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," yaani asipofua chuma, huupulizia moto upepo. Watu wakacheka, Pumzi naye akacheka. Alidhani methali ile imetungwa kwa ajili yake.

Baba alifariki Pumzi akiwa na miaka kumi na tisa. Majembe ya dukani yalikuwa yameshaingia, ya bei nafuu, na kaka yake alitaka nauli ya kwenda kutafuta kazi. Fuawe ikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nyundo zikafuata. Koleo lilibaki kwa sababu kaka alilitumia kubanulia lango lililokwama, mkono mmoja ukakatika, na mnunuzi hakuona faida ya kurudi kwa ajili ya kipande.

Pumzi alikiokota. Aliolewa nacho, akazaa nacho, akahama nacho nyumba tatu. Kwa miaka ishirini na sita kimening'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja wakiuliza ni nini hiki, hujibu, "Ni cha baba, kinangoja mwenzake."

Mwaka huu mwalimu wa uhunzi alileta kwake aproni ya ngozi ili ishonwe mkanda. Ni kijana wa miaka thelathini na mmoja, mwenye nyusi zilizoungua nusu. Alikiona kipande kile, akakishusha, akakipima kwa kiganja.

"Mama, huyu aliyefua hiki alikuwa fundi kweli," alisema. "Mwenzake anaweza kufuliwa."

"Utanifulia?"

"Hapana. Njoo ufue mwenyewe."

Akaja. Jumamosi ya kwanza moto wake ulimshangaza mwalimu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwasha hivyo. Ila alipoweka chuma ndani, aliendelea kuzungusha mpini, akazungusha, akazungusha, hadi chuma kikaanza kurusha cheche nyeupe kama kiberiti kinapowashwa. Alipokitoa, ncha ilikuwa imemomonyoka kama biskuti iliyolowa chai.

"Kimeungua," mwalimu alisema. "Chuma kikiungua hakirudi. Hata ukifue vipi."

Jumamosi ya pili akaunguza kingine. Ya tatu, kingine tena. Wenzake, ambao moto wao ulikuwa wa kubahatisha, walishafua ndoano za kutundikia. Yeye mwenye moto mzuri kuliko wote hakuwa na kitu. Dereva alimtania kwamba anafungua duka la mkaa.

Hapo ndipo mwalimu alipochuchumaa karibu naye.

"Mama, chuma kimeiva, unakiona. Unangoja nini?"

Mama Pindo aliutazama moto.

"Nangoja baba agonge," alisema.

Dereva alivua kofia. Kisha, kwa nia njema, akachukua nyundo yake. "Basi mimi nitakugongea, mama. Kikiwa tayari nitapiga mara mbili."

"Usimgongee," mwalimu akasema. "Wewe baada ya Jumamosi ya sita utakuwa kwako. Na yeye atakuwa kwake."

Juma lile Mama Pindo hakulala vizuri. Aliomba, kama anavyoomba kwa kila jambo, hata sindano ikipotea. Jumatano, akiwa anabadilisha uzi kwenye cherehani, jibu likawa mkononi mwake.

Macho yake hayajui chuma, lakini rangi yanazijua. Mteja akileta sweta la rangi ya damu ya mzee, yeye huvuta kibweta na kutoa uzi wake bila kuulinganisha. Jumamosi ya nne alikuja karakana na nyuzi nne amezishona kwenye mkono wa blauzi yake, mstari chini ya mstari: damu ya mzee, nyekundu, chungwa lililoiva, na manjano.

Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaulinganisha mkono ule na moto.

"Huu hapa," alisema, akigusa uzi wa manjano, "ndio mwisho wako. Ukiufikia, toa."

"Na baada ya manjano?"

"Baada ya manjano huna uzi, mama."

Siku hiyo hakuunguza. Wala iliyofuata, ambayo ndiyo alifua mkono mpya wa koleo, akautoboa tundu la ribiti, kile kipande cha chuma kinachoshika mikono miwili kama msumari wa mkasi. Mwalimu alimshikia nyundo mara moja tu, kumwonyesha namna ya kuacha uzito wake ufanye kazi.

Leo, Jumamosi ya sita, kuna mgeni. Kaka yake amekuja. Ana miaka sitini na mmoja, anatembea kwa fimbo, na amesimama karibu na mlango kama mtu aliyeitwa shaurini.

"Pumzi," anaita. "Hicho ndicho?"

"Ndicho."

"Mimi nilikivunja."

"Najua, kaka. Nilikuwepo."

"Nilikuwa kijana. Nilidhani chuma ni chuma." Anafuta jasho, ingawa yuko mbali na moto. "Kiache tu hivyo hivyo. Ukikitia humo kikaungua je? Hata hicho kidogo tutakosa."

Mama Pindo anaomba. Midomo yake inacheza kidogo, bila sauti. Kisha anaulaza mdomo wa koleo kwenye makaa na kushika mpini.

Moto unanguruma. Safari hii hajakaa. Amesimama, uso wake juu ya joto, mkono wa kushoto ameuweka mbele ili nyuzi zionekane. Chuma kinatoka kwenye weusi na kuingia damu ya mzee. Kinakuwa chekundu. Kaka anasogea hatua moja, nyingine. Amekwisha kuichukua nyundo ya dereva, na hakuna aliyeona aliichukua saa ngapi. Chuma kinafika chungwa. Kaka anainua nyundo juu ya fuawe, sawasawa na alivyokuwa akiiinua marehemu baba yao.

Kabla haijashuka, mpini umeshanyamaza na chuma kimeshatoka.

"Umechelewa, kaka," Mama Pindo anasema. "Pisha."

Anapiga mara tatu, nyepesi. Anageuza. Anapiga mara mbili. Mdomo umenyooka. Hakuna ufa. Mwalimu anainama kuukagua, anapitisha ukucha, anatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeridhika na hataki kusema mengi.

Ribiti inaingia ikiwa nyekundu, inapondwa, na koleo linagandamana kama meno ya mtu mwenye hasira. Mama Pindo analirudisha motoni kidogo, analitoa, analifungua na kulifunga, analifungua na kulifunga, hadi linalegea. Kisha analishika kwa mkono mmoja, anaokota kaa la moto, analinyanyua juu, na kulirudisha mahali pake.

Kaka yake ameinamisha uso. Dereva anajifanya anatafuta kofia.

Mama Pindo anasema ameshaongea na mwenye nyumba, naye amemruhusu kujenga jiko dogo la uhunzi nyuma ya kibaraza, mbali na vitambaa. Fuawe atatumia kipande cha reli ambacho mwalimu amemwahidi. Anachotaka kufua siku moja ni mkasi wa fundi cherehani, mzito, wa kukata kitambaa cha sare mikunjo minne kwa mkupuo.

"Mkasi ni kazi ngumu, mama," mwalimu anamwonya. "Miaka miwili, mitatu."

"Mwanangu, mimi kushika nyundo nimengoja miaka arobaini na minane. Miwili itanishinda?"

"Na nani atakuvukutia?" dereva anauliza. "Maana mikono ni miwili tu."

Kaka anaegemeza fimbo yake ukutani, anakivuta kigoda na kukaa, kwa shida, goti moja likilia. Anashika mpini.

"Sijawahi kukaa upande huu," anasema.

"Ni rahisi," Mama Pindo anamwambia. "Usitazame. Sikiliza."

Anachukua nyundo, anageukia fuawe, na kugonga mara moja.