Wimbo wa Mlangoni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kila nipandapo ngazi za nyumba hii na moyo ukaanza kunienda mbio. Nilikuwa msichana, na binamu yangu alikuwa akiolewa, basi tukatoka kumpigia vugo. Nyinyi mumezoea spika, hamjui: ni pembe za nyati, kila mwanamke na yake, anaigonga kwa kijiti huku tukiimba vichochoroni mpaka mlangoni kwa bi harusi. Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyetuongoza.

Kabla hatujatokea barabara ya Ndia Kuu, Bibi akasita. Nikamwona ameegemea ukuta, midomo imekuwa rangi ya jivu. Nilipomshika, akanisukumia pembe yake kifuani, akanionyesha mbele kwa mkono. Majirani wakamkalisha barazani. Nami nikaenda nikigonga, machozi yananitoka, kila hatua nikidhani nitasikia kilio nyuma yangu. Niligonga kwa nguvu nisije nikakisikia.

Tukafika. Pale mlangoni pana wimbo wake, na siku zote aliuimba Bibi peke yake. Nikimuomba anifunze, hunicheka: "Wewe bado mdogo, haraka ya nini?" Hakuna mwengine aliyeujua. Wanawake wote wakanitazama mimi, mjukuu wake, na mimi sina hata neno. Niligonga pembe tupu, mpaka mama mmoja akapiga kigelegele kunisitiri. Mlango ulipofunguliwa, nikarudi mbio.

Bibi alikuwa hai. Lakini hofu niliyoiona machoni mwake sijaiona tena kwa mtu.

"Umeimba nini mlangoni?"

"Siujui wimbo, Bibi."

"Ndoo hapa, nisongelee. Usilie, tega sikio. Nikifa nao huu, n'tamjibu nini mamangu alonipa?"

Akaniimbia pale pale kwa kunong'ona, pumzi zikimkatika, akinirejesha kila nilipokosea, huku watu wakimsihi apumzike. Mungu alimponya, akaishi sana. Lakini tangu siku ile hakuniambia tena ningoje wimbo wowote. Hata nikiwa nimechoka, alinifuata jikoni na pembe yake.

Sasa wote niliogonga nao wamezikwa. Pembe zao wameniachia mimi, ziko uvunguni mwa kitanda changu, nimezifunga kwa kanga. Juzi mwenye duka la vinyago alikuja kuniuliza bei. Nilimfukuza, kisha nikakaa nikaogopa, maana nikiondoka mimi atarudi, na nani atamwambia kuwa hizi si za kupamba ukuta?

Unaponiambia utakuja skuli zikifungwa, mwanangu, naogopa zaidi. Mkiwa na mzee anayejua kitu, msingoje mpate nafasi. Muulizeni leo, na akiwacheka, msumbueni. Sisi wazee nasi tusijiwekee tujuayo mpaka dakika ya mwisho.

Njoo kesho baada ya alasiri, kijiti nimeshakuchongea. Tutaanza na ule wa mlangoni. Mungu akupe umri na sauti, na siku utakaposimama mbele ya mlango wa watu, wote wakikutazama, usikose la kuimba. Amin.