Sanamu Yangu ya Mbeta Uwanjani mwa Kanisa

Nilimwahidi Mchungaji wetu kwamba akinipa kona ya uwanja wa kanisa, hapa Mlandege, nitasimamisha sanamu ya kuzungushwa na upepo, nayo itawatoa vijana kwenye ulevi.

Mimi ni mzaliwa wa Mbeya mjini, msomi wa sanaa. Nilikusanya mbeta kuukuu, vile vikombe vya mianzi vya kukingia ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, nikavitundika juu ya nguzo ndefu. Nilijisifu kwamba nimekigeuza chombo cha ulevi kuwa mahubiri.

Upepo ukavuma, mbeta zikazunguka na kugongana kwa mlio mtamu. Mafundi ujenzi watatu wakaja, kila mmoja na kidumu. Nikawahutubia kwa kirefu, nikifurahi kuona watu wakiongezeka nyuma yao.

"Kamwene, mdogo wetu, tumekuelewa," akasema mmoja, akianza kwa salamu ya kwao. "Sasa tupimie."

"Niwapimie nini?"

"Huku mbeta ikitundikwa nje, ulanzi upo. Wewe umetundika ishirini!"

Nyuma yangu Mchungaji akakohoa. "Kijana, hawa wote wamekuja kubatizwa?"

Amenipa hadi Jumapili nibadilishe mbeta zote. Tafadhali, msomaji mwenye masufuria mabovu, niletee.