Vitabu Vilivyokwenda Karantini

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa chumba cha kusomea pale Shinyanga mjini. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali kilichoezekwa bati, karibu na stesheni, chenye meza mbili ndefu, makabati mawili ya vitabu, na mimi. Watu walisema nina hasira, na hawakunisingizia. Mtu akilamba kidole ili afunue ukurasa nilimtoa nje, awe mchunga ng'ombe au awe mwalimu. Sharti langu la pili lilikuwa daftari la mlangoni. Kila aliyeingia aliandika jina lake, na asiyejua kuandika nilimwandikia. Bomani walitaka kuona chumba kinapata watu, ndipo watoe fedha za magazeti na vitabu. Wote waliandikwa isipokuwa mimi, maana karani hajiandiki.

Jumatatu moja aliingia dereva wa lori la mizigo ya migodi ya dhahabu kule Geita. Alitaka nimwandikie barua kwa mama yake. Tulikaa kwenye kona ya meza, magoti yakigusana, kwa kuwa alisema kwa sauti ndogo na mambo yenyewe yalikuwa ya nyumbani kwao. Akalalamika kwamba kichwa kinamgonga na mgongo unamvunjika. Nikamwambia kwa barabara ile ya Geita, mgongo gani usingevunjika? Akacheka, akapangusa jasho usoni, na kwa mkono ule ule akanishika wangu kuniaga. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilisema moyoni ni homa tu ya mbu, nikaendelea na kazi.

Ijumaa akaja bwana afya na askari mmoja. Yule dereva alikuwa ameshushwa kwenye lori lake Isaka, uso na mikono imejaa vipele. Ilikuwa ndui.

"Nipe daftari," bwana afya akasema.

Nilimpa. Ukimtoa dereva, siku ile ya Jumatatu walikuwa wameandikwa watu kumi na mmoja. Akanakili majina yote. Akasema hao watahamia kambi ya karantini iliyokuwa ikijengwa kwa fito na nyasi nje ya mji, hadi ijulikane nani mgonjwa na nani mzima. Kisha akainua kichwa.

"Na wewe, karani?"

"Mimi hukaa kwenye meza yangu kule, bwana."

Hilo halikuwa uongo. Kwa kawaida nilikaa kule. Lakini bwana afya hakuwa mtu wa kuridhika haraka. Akamgeukia mtu pekee aliyekuwa anasoma saa ile, fundi cherehani wa sokoni, Mzaramo aliyekuja na reli zamani akasahau kurudi kwao. Alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Alikuwa pia mtani wangu. Hatukuwahi kusalimiana bila kwanza kutukanana. Bwana afya akamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyekaa karibu na dereva.

Fundi alinitazama. Jumatatu ile alikuwa ng'ambo ya meza hiyo hiyo. Aliona barua, aliona magoti, aliona mkono.

"Hakuna mwingine, bwana," akasema. "Ni hao hao uliowaandika."

Nami nikanyamaza.

Niliogopa, wala sitalipamba neno hilo. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mbili zilizoharibika. Nyumbani hakuwa na mtu ila mimi. Fundi alijua yote hayo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akishona nguo ndogo ndogo za mtoto. Na mimi nilijua jambo moja zaidi. Mama yangu alituhadithia tukiwa wadogo habari za dada yake aliyepatwa na ndui akiwa mjamzito. Hakupona yeye, wala mtoto. Mama kila alipofika hapo alikuwa akinyamaza, anashika kazi nyingine. Sasa ukimya ule wa mama ulinirudia mchana kutwa.

Kwa hiyo nilimwambia mke wangu uongo mwingine, kwamba bomani wameniamuru nilale chumbani kulinda vitabu. Aliniletea ugali kila siku. Nilimwambia aweke sufuria kizingitini na aondoke kabla sijafungua mlango.

"Vitabu vimekuwa wake zako, siyo?" aliniuliza siku moja kutoka nje.

Nilicheka, nikangoja hadi nyayo zake zipotee. Kila asubuhi nilitazama ulimi wangu kwenye kipande cha kioo, nikagusa paji la uso, nikahesabu siku. Nilikuwa na kovu la chanjo begani tangu utotoni, lakini bwana afya alikwishasema kovu la zamani namna ile si la kutegemea. Mke wangu hakuwa na kovu hata moja.

Huku nikiwa katika hali hiyo nilifanya kazi vizuri kuliko wakati mwingine wowote, na hili linaniudhi hadi leo. Amri ilitoka kwamba watu wasikusanyike. Nilifunga mlango nikafungua dirisha. Msomaji alisimama kwenye mstari wa chokaa niliouchora chini, akataja kitabu, nami nikamnyooshea kwa fimbo iliyopasuliwa ncha. Vitabu vilivyorudishwa nilivianika juani siku saba juu ya jabali lililokuwa nyuma ya chumba, kila kimoja na jiwe lake ili upepo usivipeperushe. Akina mama wa jirani walikuwa wakianika michembe yao ya viazi vitamu hapo hapo, na wakanicheka sana. Walisema karani anaanika viazi vya karatasi, masika yakija atavipika. Mbuzi alikula jalada la kitabu cha hesabu. Bomani walisikia habari za dirisha na jabali, wakaniandikia barua ya kunisifu. Niliisoma nikaona aibu, nikaisoma tena.

Barua hiyo hiyo ilisema kwamba nusu ya fedha za chumba za miezi mitatu imechukuliwa kununulia chokaa na sabuni ya kambi. Magazeti yasimame. Vitabu vipya visitarajiwe mwaka ule. Nilivitazama vitabu vyangu kama mtu anayetazama ghala wakati mvua imegoma.

Siku iliyofuata bwana afya alisimama kwenye mstari wa chokaa. Watu wa kambini walikuwa wanaomba vitabu. Fundi alikuwa amejitolea kuwasomea wenzake, maana baadhi yao walifika chumbani kwangu kuja kutazama picha tu, hawakujua herufi.

"Lakini ujue," akasema, "kitakachoingia karantini hakitoki. Vyote vitachomwa."

Nilifikiri kidogo tu, tena sikuona kosa. Kama vitachomwa, kwa nini vichomwe vizima? Nilikwenda kabati la chini nikatoa vile vilivyochakaa, vya kushonwa upya, vilivyoliwa na mchwa. Kimojawapo kilikuwa hadithi ya mtu aliyemfuata kaka yake aliyepotelea machimboni. Watu waliipenda sana hadithi ile, hata nakala moja ikaisha kwa kuazimwa, kurasa nane za mwisho zikachomoka. Nakala nzima nilikuwa nayo, ya pili, safi, kwenye kabati la juu. Niliiacha hapo. Nikafunga ile iliyokatika pamoja na nyingine kwa kamba ya katani, nikampa bwana afya, na nikajiona nimetunza mali ya watu.

Siku nne baadaye akaja mke wa fundi. Alisimama mbali, kitenge kimefungwa kifuani, mkono wa kushoto akiuweka mbali na mwili.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mzee kaniagiza nikuamkie. Kasema mwambie yule Msukuma, ugali wa kambini una mchanga kama wa kwao."

"Na mkono, mama?"

"Si chanjo hii? Imenivimba hiyo!" Akafunua kidogo nikaona kidonda kibichi. "Dawa yenyewe imebaki kiduchu, mpaka ije nyingine kwa treni. Wanapewa kwanza wa nyumba ambazo watu wao wapo kambini. Sisi tushachanjwa, mpaka wajukuu. Mkeo je, na tumbo lile? Mbona sikumwona pale kwenye chanjo?"

Nilishika ukingo wa dirisha. Nilikuwa nimeiondoa nyumba yangu kwenye orodha, na dawa ilikuwa inafuata orodha. Siku zote zile nilipokuwa nahesabu nilidhani namkinga, kumbe namwacha wazi kwa ndui.

Mama yule alipoondoka nilifungua daftari kwenye ukurasa wa Jumatatu. Chini ya jina la kumi na moja niliandika langu. Mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa hadi bomani, lakini mstari ule ulitoka umepinda. Nikafunga dirisha, nikalibeba daftari, nikatembea katikati ya barabara nisimkaribie mtu, hadi ofisi ya bwana afya, nikasimama nje nikamwita. Alisoma. Alinitukana kwa dakika nzima na nilistahili kila neno.

"Mke wangu hajachanjwa," nikasema alipopumua.

Alichanjwa jioni ile ile, kabla jua halijazama. Niliambiwa alilia, si kwa sindano.

Kambini nilikuta vibanda vinne na ua wa miiba. Kibanda cha tano kilikuwa mbali kidogo, cha wagonjwa, kikihudumiwa na mzee mmoja mwenye uso wa mashimo mashimo aliyeugua ndui zamani, haimpati tena. Nilimuuliza mzee huyo, fundi yuko wapi? Akanyoosha kidole kwenye kibanda cha tano. Homa ilikuwa imemshika asubuhi.

Nilikaa nje ya ukuta wa nyasi, hatua kadhaa, mahali niliporuhusiwa.

"Nani huyo?" sauti yake ikauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Aa, Msukuma! Umefuata ng'ombe wako au umefuata vitabu?" Alikohoa. "Mjinga wewe. Mimi nimekufunika, wewe umejifunua."

"Amechanjwa," nikasema.

"Basi umefanya vizuri. Nguo za mtoto ziko kwenye droo ya cherehani. Bado vifungo."

Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akanitangulia.

"Kile kitabu cha ndugu wawili. Nimewasomea wenzangu siku tatu, watu wamekaa hapa macho wameyatoa. Tumefika mlangoni pa shimo, kaka anaitwa jina, basi! Karatasi imekwisha. Watu wakanigombeza mimi, wakadhani nimezificha. Kumbe wewe unajua mwisho wake?"

"Naujua."

"Ulijua hakina mwisho ulipokileta?"

Niliangalia zile nyasi. "Nilijua, fundi. Kizima kipo kabatini. Nilisema hiki kitachomwa."

Nilingoja anitukane. Utani wetu ulikuwa na matusi ya kutosha jambo kubwa kuliko hilo. Hakutukana. Alivuta pumzi, nikasikia kitanda cha kamba kikilia.

"Basi nitakuambia sasa," nikasema. "Yule mdogo akaingia..."

"Hapana, hapana. Usiniambie leo. Nikiujua leo, kesho nitangoja nini? Njoo kesho."

Kesho yake nilikwenda, akasema kesho. Ikawa hivyo kila siku. Vipele vilimtoka, sauti ikazama, akawa anasema neno moja moja, na neno lenyewe likawa hilo: kesho. Mimi nilirudi kibandani kwangu nikajipapasa uso, mikono, nyuma ya masikio, nikitafuta kipele. Nilikuwa nikiogopa kwa ajili yake na kwa ajili yangu pamoja, na sikuweza kuzitenganisha hofu hizo. Niliogopa hata kupanga maneno ya mwisho wa hadithi kichwani, nisije nikayatamka kwa bahati mbaya kabla hajataka.

Asubuhi moja nilimkuta yule mzee mwenye mashimo akitoa nje mkeka, blanketi, na vitabu. Alikuwa na kibiriti mkononi. Alinionyesha kwa kichwa nirudi nyuma, moshi usinipate.

Ndui haikunishika. Kati ya wale kumi na mmoja walikufa wawili, fundi mmoja wao, na kati ya wale waliokuja dirishani kwangu hakuugua hata mmoja. Niliwapitia wote mlango kwa mlango kuhakikisha. Nilipotolewa kambini, mke wangu alikuwa amejifungua msichana. Aliponipa nimshike niliirudisha mikono nyuma, nikaiosha mara ya tatu, ndipo nikampokea. Alikuwa amevaa kijigauni cheupe kilichofungwa kwa uzi, hakina vifungo.

Nilifungua chumba Jumatatu iliyofuata. Kabla ya kufungua dirisha nilitoa kile kitabu kizima kwenye kabati la juu. Kwenye kadi yake niliandika jina la fundi, na mahali pa tarehe ya kurudisha sikuandika kitu. Nikakipeleka sokoni kwa mkewe. Hakujua kusoma. Alikigeuza geuza, akavuta droo ya cherehani, akakiweka kwenye vifungo na mabaki ya uzi.

Kila mwaka mkaguzi alipokuja kulinganisha vitabu na kadi, aliniuliza kile kiko wapi. Nilimjibu kimeazimwa.