Firigisi ya Bata Mzinga

Chekeni tu, jamani, mume wangu Wafula mwenyewe bado ananicheka.

Wakwe zangu walikuwa wanatoka Kamukuywa kuja kwetu Kitale, kula chakula changu kwa mara ya kwanza. Baba mkwe alikuwa ametanguliza bata mzinga aliyemfuga mwenyewe. Mimi, fundi wa mapishi ya simu, nikaona kumchemsha tu ni ushamba. Nikaamua kupika pai: nyama ya kusaga chini, viazi vya kuponda juu, halafu kwa oveni. Ili nisitupe kitu, nilisaga kidari, mapaja na hata vya tumboni.

Pai ilitoka imeiva rangi ya dhahabu. Mama mkwe aliongeza mara mbili. Mimi nilikula huku kichwa kimevimba kwa sifa.

Baba mkwe akafuta mdomo, akasogeza sahani yake na kungoja.

"Msichana yangu, sasa leta ile yangu."

"Gani, Baba?"

"Si firigisi, bana!"

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwetu firigisi ni ya mzee wa boma. Wanawake hatuionji.

"Baba," nikanong'ona, "niliisaga na nyama. Ilikuwa kwa pai."

Kijiko cha mama mkwe kikaganda hewani. Baba mkwe aliangalia sinia tupu, akaniangalia mimi na viazi vyangu mdomoni, kisha akamgeukia mkewe na kumpa mkono kwa heshima zote.

"Habari yako, mzee mwenzangu?"