Staringi Hakufangi

Sikuwahi kuzipenda zile filamu. Nalisema mapema ili mtu asidhani ninaililia mikanda ya video. Zilikuwa filamu za bei rahisi, zimenakiliwa na kunakiliwa tena hata nyuso za watu zikawa na rangi ya uji wa wimbi, na zote zilikuwa hadithi moja. Miaka mingi ijayo dunia imeharibika, watu wachache wamejificha ndani ya kiwanda kilichokufa, na mtu wa chuma aliyeundwa kwa sura ya binadamu ametumwa awalinde. Hiyo dunia ya miaka ijayo ilikuwa mabomba, moshi na magari mabovu. Nyuma ya soko la Kakamega tulikuwa na mahali kama hapo na hakuna aliyetoa pesa kwenda kupatazama.

Kaka yangu, mkubwa wangu wa pekee, ndiye aliyekuwa mtafsiri wa filamu hizo. Alikuwa amekaa Busia kidogo, akaona jinsi watu wa ng'ambo ya mpaka wanavyoketi kando ya televisheni na maikrofoni wakiwaelezea watazamaji kinachosemwa, akarudi nyumbani na kazi hiyo kichwani. Ukumbi ulikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, na televisheni moja iliyofungwa mezani kwa mnyororo. Maonyesho yalikuwa ya mchana, baada ya watu kula.

Kiingereza cha kaka kilikuwa cha kubahatisha, na cha filamu kilikuwa kimemezwa na mikwaruzo ya mkanda, kwa hiyo kusema kweli hakutafsiri. Alitunga. Mtu wa chuma, alisema, ametengenezewa Malinya, hapa hapa kwetu, na chuma chake kimetolewa kwenye mashimo yale yale wanakochimba dhahabu. Akianza kupigana, kaka aliacha hadithi kabisa akamtangaza kama fahali wa Ikolomani siku ya mapigano ya mafahali: amelelewa kwa nani, amekula nini asubuhi, na mwaka jana alimfukuza nani mpaka mtoni. Watu walipiga miluzi na kugonga mabati. Niliona ni upuuzi, lakini niliwaelewa. Mlinzi asiyechoka, asiyeomba chai, asiyekuuliza kwanza wewe ni wa ukoo gani, nani asingetaka kumtazama hata kwa saa moja?

Kulikuwa na mkanda mmoja uliopendwa kuliko yote. Ndani yake mtu wa chuma anamlinda mama mmoja na mtoto wake mchanga. Mwishoni paa la kiwanda linaanguka, yeye analishikilia kwa mabega mama apite na mtoto, kisha taa za macho yake zinazimika na mkanda unaisha. Siku ya kwanza kuonyeshwa, benchi lilirushwa.

"Rudisha hiyo kitu nyuma," mtu mmoja akamwambia kaka. "Staringi hakufangi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ukumbi. Staringi ni yule ambaye filamu ni yake, na yeye anaweza kupigwa, kuchomwa, hata kukatwa mkono, lakini kufa ni kazi ya wengine. Kaka alijua sheria hiyo kuliko yeyote. Mkanda ulipoonyeshwa tena, taa za macho zilipozimika, aliishika maikrofoni karibu na mdomo akasema polepole, "Hajafa. Amelala. Betri ndiyo imeisha, na mafundi wa Malinya wako njiani wanakuja." Watu wakapiga makofi, wakaenda makwao wameridhika. Tangu siku hiyo filamu ile ikaishia hapo.

Mama alikuja kuiona mara moja tu. Alikuwa akiuza kuku sokoni Lubao, na siku hiyo alishuka mjini na kikapu chake, akaketi benchi la mbele kuku wawili wakiwa miguuni. Aliitazama mpaka mwisho bila kucheka popote. Watu walipotoka alimwendea kaka.

"Huyo mtu amekufa," akamwambia.

"Amelala, mama. Staringi hakufangi."

"Mimi nimeuzanga kuku miaka mingi. Chenye kimekufa nakijua." Akajitwika kikapu. "Hawa watu unawadanganyanga kwa nini?"

"Wametoka mbali na miguu," kaka akasema. "Sasa warudi na maiti?"

Mama akatoka. Nadhani jibu hilo lilimpendeza kidogo, ingawa hakulikubali.

Sasa, Kakamega mvua hunyesha mchana. Tukishamaliza kula tu, wingu linatoka upande wa msitu, na ikianza juu ya mabati huwezi kumsikia hata aliyekugusa bega. Kaka alishindana nayo kila siku kwa koo lake, maana spika ilikuwa ndogo na mbovu. Kwa hiyo sauti yake ilipoanza kukwaruza, hakuna aliyeshangaa. Ni mvua, tulisema. Mwenye ukumbi alisema ni mvua. Jirani alileta asali ya msituni, mwingine tangawizi, mwingine akaapa kwa mayai mabichi, na kaka alivimeza vyote akicheka. Msimu ukiisha sauti itarudi, tulisema sote, nami nilisema pamoja nao.

Sauti ilipobaki mnong'ono, aliniita nikamsaidie. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikichambua mboga na kununa. Tuliketi bega kwa bega, yeye ananinong'oneza sikioni, mimi nasema kwenye maikrofoni. Siku ya kwanza watazamaji walikasirika. "Tangu lini mtu wa chuma akakuwa mwanamke?" mmoja akauliza, na banda zima likaangua kicheko. Nilitaka kumrushia ile maikrofoni. Baadaye walizoea, na mimi nikazoea, hata nikawa nawatangaza mafahali kabla kaka hajafungua mdomo. Lakini kitu kimoja sikukizoea. Bega lake lililokuwa limegusa langu lilikuwa linapungua, na kila wiki nilihisi mfupa zaidi.

Nilimwambia aende hospitali. Akaninong'oneza kwamba kiangazi kiko karibu.

Kiangazi kikaja. Mahindi yalikauka na kuvunwa, vumbi likapanda barabarani, na juu ya mabati hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa kunguru wakitembea. Ukumbi ulikuwa kimya vya kutosha kwa mtu yeyote kusikika, na kaka hakusikika. Hapo ndipo nilipoogopa. Siku zote hizo tulikuwa tunailaumu mvua.

Mama ndiye aliyempeleka hospitali, kwa amri, kama mtoto. Mimi nilikwenda nao. Daktari alimmulika koo kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi kwa kuwa nilijua Kiingereza. Alisema ni uvimbe, umekuwapo kitambo, umeshashuka chini mahali ambapo kisu hakiwezi kuufuata. Alisema wangemlaza wampunguzie maumivu. Alisema hawezi kuniahidi zaidi ya hapo. Kaka alikuwa anatazama ukuta.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema kuna kidonda kooni. Watamlaza wakitibu."

Mama alinitazama, akamtazama daktari, akanitazama tena. "Yeye amesema maneno mingi," akasema. "Wewe umesema kidogo."

Tulitoka kwenda kununua sabuni na taulo ya wodini.

Niliendelea na kazi ukumbini peke yangu, na jioni nilipita wodini kumweleza kaka mambo yalivyokwenda. Alipenda hasa kusikia nani alizozana na nani. Siku moja nilimwambia tumeonyesha ule mkanda wa paa. Akanivuta kwa ukosi mpaka sikio langu likagusa midomo yake.

"Uliwaambia amelala?"

"Niliwaambia."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafumba macho. Nilikaa pale nikimchukia kila mtu aliyewahi kusema ni mvua, nikianza na mimi mwenyewe.

Alifariki asubuhi ya siku ya soko. Nilipofika wodini na chupa ya uji, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Muuguzi alinishika mkono, akaniambia alikwenda kwa utulivu. Mama alikuwa Lubao tangu alfajiri, na hakukuwa na mwingine wa kumpelekea habari.

Njia nzima nilipanga maneno. Sikutaka ayasikie mbele ya watu, katikati ya ng'ombe na kelele za wachuuzi, ilhali nyumbani ni mbali na magoti yake mabovu. Ningemwambia anaitwa hospitali. Ningemwambia hali imebadilika kidogo. Tukishafika nyumbani, tukishafunga mlango, ndipo ningesema. Niliyarudia mpaka yakasikika ya kweli, kwa sauti ile ile niliyotumia kwenye maikrofoni.

Nilimkuta amekaa mahali pake, kuku wamefungwa miguu mbele yake, akibishana na mteja juu ya jogoo. Aliponiona saa ile ya asubuhi, na chupa ya uji mkononi ikiwa bado imejaa, aliacha ubishi.

Nilichuchumaa. Kila nilichokuwa nimekipanga kilikimbia, likabaki lile moja nililolizoea.

"Amelala, mama," nikasema. "Madaktari wanasema..."

Alinyoosha mkono akanishika mdomo, polepole. Vidole vyake vilinuka manyoya.

"Mwanangu," akasema, "mimi usinitafsirie."