Bati la Mashine

Soko huria lilipotufikia Masasi, kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kilifungwa na vifaa vyake vikapigwa mnada. Tukaambiwa sasa ruksa, kila mtu ajiajiri. Mimi nikajiajiri siku hiyohiyo: nikanunua mashine ya kuchongea chuma, dude zee kuliko mimi na zito kuliko nyumba yangu ya kule kijijini Chilangala, Newala. Lori lililoipandisha Newala lililia njia nzima, mpaka utingo akaniuliza kama nimebeba daraja.

Mke wangu alikuwa akinisubiri uani. Kando yake palikuwa na kisima alichokwisha kukichimbisha na kukisakafia kwa saruji, pamoja na mabati tuliyonunua kwa korosho za msimu uliopita. Mpango wake ulikuwa mmoja tu: tung'oe nyasi za paa la nyumba, tuezeke bati, maji ya mvua yaingie kisimani, naye aachane na ule mteremko wa kwenda kuchota bondeni. Aliizunguka mashine, akaguna.

"Hili nalo linakula nini?"

"Hili ndilo litakalotulisha," nikamjibu kwa sauti ya mwekezaji.

Basi nikaanza kuirekebisha. Mota yake ilitaka umeme wa kiwandani, na kwetu hata nguzo haikuwepo. Nikaing'oa, nikafunga injini ya dizeli iliyotoka kwenye mashine ya unga. Salale! Ilipowaka, kuku wote walihama. Chuma kilichotakiwa kutoka kimenyooka kilitoka kimepinda, lakini si kilitoka? Jirani aliniletea kipuri cha baiskeli nimchongee kingine. Nilichomrudishia anafungia mbuzi mpaka leo, na hajawahi kulalamika.

Ila chuma na unyevu haviivani, na mtaji haulazwi chini ya nyasi zinazovuja. Mtu yeyote mwenye akili ya biashara angefanya nilivyofanya: nikajenga banda palepale karibu na kisima, mabati nikayaezeka huko. Nikamwambia mke wangu kwamba nyumba ya nyasi bado inawatosha yeye na watoto. Akabeba ndoo yake, akashika njia ya bondeni. Nikadhani amenielewa!

Kumbe injini nayo ilihitaji maji ya kuipoza, na ilikunywa kama watu wa msibani. Ningeyatoa wapi? Nikawa nachota kwenye ndoo za mke wangu, maji aliyoyapandisha kichwani kutoka bondeni. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yalimwagika kutoka kwenye bati la banda yakapotelea mikoroshoni, na kisima kikabaki kikavu. Yeye alisimama mlangoni na ndoo tupu, akitazama. Roho iliniuma, sikufichi. Lakini mkanda wa injini ulikuwa umekatika, na kesho yake nikashuka Masasi kutafuta mwingine.

Niliporudi na mkanda begani, mvua ikinyesha tena, nilisikia maji yakiingia kisimani. Mke wangu alikuwa amekunja kipande cha bati kilichobaki, akakifanya mfereji kutoka kwenye paa la banda. Nikachungulia ndani. Kitanda chetu kilikuwa kimesukumwa kando ya injini, sufuria zimepangwa juu ya mashine, kanga inakauka kwenye mpini wake. Watoto walikuwa wanakula.

"Karibu, baba watoto," akasema kwa upole kabisa.

"Ebo! Na mimi nitalala wapi?"

Akanyoosha mwiko kuelekea nyumba ya nyasi.

"Kule ulikosema kunatutosha."